Safari ya Seli na Mwendo wa Utumbo

Chakula kikishamezwa, mtu hana tena amri juu yake. Misuli ya mdomo na ya sehemu ya juu ya koo hutii matakwa ya mwenyewe, lakini kuanzia hapo tonge huingia katika njia inayojiendesha yenyewe usiku na mchana, mwenye mwili akiwa macho au amelala, mpaka mabaki yanapofika kwenye puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ambako hiari hurudi. Kwa mtu mzima mwenye afya safari hiyo huchukua saa chache tumboni, saa nyingine chache katika utumbo mwembamba ambao urefu wake hukaribia mita 6, kisha siku moja au mbili katika utumbo mpana. Wengi huutambua mwendo huu pale tu unapoharibika: wanapofunga choo, wanapoharisha, tumbo linapojaa gesi au chakula kinapokwama kifuani. Nyuma ya mwendo huo wa viungo, hata hivyo, upo mwendo mwingine, wa seli moja moja, uliokamilika miezi mingi kabla ya mtu kuzaliwa, na pale ambapo safari ya seli hizo ilikatika njiani, utumbo hausogezi chochote.

Ukuta wa utumbo una matabaka mawili ya misuli laini, yaani misuli isiyoongozwa na hiari. Nyuzi za tabaka la ndani zimeuzunguka utumbo, na za tabaka la nje zimelala kwa urefu wake. Chakula kinapoutanua ukuta mahali fulani, misuli ya mviringo iliyo nyuma yake hujibana na iliyo mbele yake hulegea, hivyo chakula husukumwa kuelekea kule kusiko na kizuizi, na tendo hilohilo hurudiwa hatua kwa hatua mpaka likawa wimbi ambalo wataalamu huliita peristalisi. Kanuni hii ilielezwa mwaka 1899 na wanafiziolojia wawili wa London, William Bayliss na Ernest Starling, waliokuwa pia mashemeji, kwa kuwa Bayliss alimwoa dada yake Starling. Katika majaribio yao kwa mbwa, walikata neva zote zinazounganisha utumbo na ubongo pamoja na uti wa mgongo, wakaona kwamba wimbi liliendelea kusafiri vilevile. Kwa hiyo kinachoamuru wimbi hilo kimo ndani ya ukuta wa utumbo wenyewe.

Kilichomo humo ni mtandao wa neva ambao wanaanatomia wa Kijerumani walikwisha kuuona kwa hadubini katikati ya karne ya 19. Georg Meissner alieleza sehemu yake iliyo karibu na utando wa ndani, inayosimamia zaidi utoaji wa majimaji na mzunguko wa damu, na Leopold Auerbach akaeleza ile iliyo kati ya matabaka mawili ya misuli, ambayo ndiyo msimamizi mkuu wa mwendo. Kwa pamoja zina seli za neva zaidi ya milioni 100, zilizokusanyika katika vifundo vidogo viitwavyo ganglia. Baadhi ya seli hizo hupima mtanuko wa ukuta, nyingine hupeleka habari mbele na nyuma, nyingine huamuru misuli ijibane, na nyingine, ambazo umuhimu wake haukutambuliwa mapema, huamuru misuli ilegee kwa kutoa kemikali kama nitriki oksaidi. Jambo hili la mwisho linastahili kutiliwa mkazo, kwa sababu msomaji anaweza kudhani kwamba msuli uliokosa amri hulegea tu wenyewe. Katika utumbo mambo ni kinyume: msuli wa mviringo usiopata amri ya kulegea hubaki umejibana, na kwa hiyo kulegea ni kazi inayohitaji seli hai zilizo mahali pake. Magonjwa mawili yatakayoelezwa hapa chini yote yanatokana na kukosekana kwa amri hiyo.

Pembeni mwa neva zipo seli nyingine zenye umbo la pekee, zinazoitwa seli za Cajal kwa heshima ya Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyezichora mwishoni mwa karne ya 19 na aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906 kwa uchunguzi wake wa neva kwa jumla. Yeye alizidhania kuwa neva za aina fulani, na ni katika miaka ya 1990 tu ilipothibitishwa kwamba kazi ya seli hizo ni kupiga mdundo: hutoa mapigo ya umeme kwa mpangilio usiobadilika, takriban mara 3 kwa dakika tumboni na takriban mara 12 kwa dakika mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Mapigo hayo peke yake hayaifanyi misuli ijibane, lakini ndiyo huweka mwendo ambao misuli itaufuata neva zitakapotoa idhini.

Utumbo haupumziki hata ukiwa mtupu. Mtu anapokaa saa kadhaa bila kula, kila baada ya dakika 90 hadi 120 wimbi kubwa huanza tumboni na kushuka polepole mpaka mwisho wa utumbo mwembamba, likifagia mabaki ya chakula, ute, seli zilizokufa na bakteria. Mzunguko huo ulielezwa kwa ukamilifu mwaka 1969 na Joseph Szurszewski wa Marekani, na mngurumo wa tumbo ambao mfungaji husikia alasiri ya Ramadhani kwa sehemu kubwa hutokana na hewa na majimaji yanayosukumwa nalo. Mtu akila, ufagiaji husimama mara moja na kazi ya kusaga na kuchanganya huanza. Kwa wale ambao wimbi hili limedhoofika, bakteria huongezeka kupita kiasi katika utumbo mwembamba, nao hupata gesi, maumivu na kuharisha kusikoisha.

Ingawa utumbo hujitegemea, ubongo unaweza kuuharakisha au kuuchelewesha. Walter Cannon alilionyesha hilo katika uchunguzi alioanza mwaka 1896 alipokuwa angali mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka mmoja tu baada ya kugunduliwa kwa eksirei. Alimlisha paka chakula kilichochanganywa na chumvi za bismathi ili tumbo lionekane kwenye mionzi, akayatazama mawimbi yakipita moja baada ya jingine, kisha akashuhudia kwamba paka alipopata fadhaa au hasira, mawimbi yote yalisimama. Kwa hiyo mgonjwa anayesema kwamba tumbo lake huvurugika anapokuwa na hofu anaeleza tukio halisi la mwili, na si haki kumwambia kwamba anajidanganya.

Neva zilizomo katika ukuta wa utumbo hazizaliwi humo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanaembriolojia wa Ufaransa, Nicole Le Douarin, alitumia njia rahisi na ya ustadi mkubwa kujua zilikotoka. Alikuwa amegundua kwamba kiini cha seli ya kware kinatofautiana na cha seli ya kuku kinapotazamwa kwa hadubini, hivyo akahamisha vipande vya tishu kutoka kwenye kiinitete cha kware, akavipandikiza mahali palepale katika kiinitete cha kuku, kisha akafuatilia seli za kware zilikokwenda. Ilionekana wazi kwamba neva za utumbo hutoka kwenye ukingo wa neva, yaani utepe wa seli uliopo mgongoni mwa kiinitete, na sehemu kubwa yake huondoka eneo la shingo. Kwa binadamu, seli hizo huingia katika utumbo wa mbele wiki ya 4 ya ujauzito, zikautambaa wote kuelekea chini, na kufika mwisho wake karibu na wiki ya 7. Kiinitete cha umri huo hakizidi sentimita moja au mbili, lakini kwa seli, ambayo upana wake ni sehemu ndogo sana ya milimita, hakuna safari nyingine ndefu kama hiyo katika ujenzi wa mwili.

Seli haina miguu, na bado hutembea. Ndani yake mna nyuzi nyembamba za protini iitwayo aktini, ambazo upande wa mbele huongezeka urefu na kuusukuma utando wa seli nje ukawa kama ulimi. Ulimi huo hujishika kwenye tishu iliyo chini yake, kisha protini nyingine, miosini, huzivuta nyuzi za nyuma na kiwiliwili cha seli kikafuata, ndipo mshiko wa nyuma ukaachia. Chembe nyeupe za damu huyafuata maambukizi kwa njia hiyohiyo, na kwa bahati mbaya seli za saratani nazo huitumia kuhamia viungo vingine. Seli zinazoelekea utumboni, zikipimwa katika viinitete vya panya, husonga mbele karibu milimita moja kwa siku. Huvutwa na protini ambayo ukuta wa utumbo huitoa, na huitambua kwa kipokezi kinachotengenezwa kwa maelekezo ya jeni iitwayo RET. Safari ina ugumu wake, kwani wakati seli zinatembea utumbo nao unarefuka, na mwisho wa njia unazidi kwenda mbali. Kwa hiyo ni lazima zijigawe na kuongezeka zikiwa njiani. Zikiwa chache mno, au zikichelewa, au kipokezi chake kikiwa na kasoro, hukomea njiani.

Mtoto ambaye seli zake zilikomea njiani huzaliwa na ugonjwa wa Hirschsprung. Jina hilo ni la daktari wa watoto wa Copenhagen, Harald Hirschsprung, ambaye mwaka 1886 aliwaeleza wenzake mjini Berlin habari za watoto wawili waliokufa baada ya kufunga choo tangu kuzaliwa, na ambao utumbo wao mpana ulikutwa umetanuka kupita kiasi. Macho ya madaktari yalivutwa na sehemu iliyotanuka, wakaamini kwamba ndiyo yenye ugonjwa, na kwa miongo mingi upasuaji uliielekea sehemu hiyo bila kuleta nafuu ya kudumu. Ukweli ni kwamba sehemu iliyotanuka ilikuwa nzima na imechoka kwa kusukuma, ilhali ugonjwa ulikuwa chini yake, katika kipande chembamba kilichoonekana cha kawaida lakini hakikuwa na ganglia hata moja na hivyo hakikuweza kulegea. Daktari mpasuaji Orvar Swenson wa Boston ndiye aliyefanya upasuaji uliofuata mantiki hiyo, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1948: alikata kipande kisicho na neva, akaivuta sehemu yenye neva na kuishona karibu na njia ya haja kubwa. Njia zilizobuniwa baadaye, zikiwamo zinazopitia njia ya haja kubwa bila kupasua tumbo, zote zimejengwa juu ya wazo hilohilo.

Ugonjwa huu huwapata takriban mtoto 1 kati ya 5,000 wanaozaliwa hai, wavulana wakiwa kama mara nne ya wasichana, na hutokea zaidi kwa watoto wenye ugonjwa wa Down. Kwa wengi sehemu isiyo na neva huishia kwenye puru na kipande cha mwisho cha utumbo mpana, na kwa wachache hufika mbali zaidi. Dalili ya kwanza ni ya wazi kabisa. Mtoto mchanga aliyetimiza miezi yake hutoa choo cha kwanza, kile cheusi chenye kijani na kunata, ndani ya saa 24, na karibu wote huwa wamekitoa ndani ya saa 48. Anayechelewa kupita hapo, hasa tumbo likianza kujaa na akitapika matapishi ya kijani, anapaswa kuchunguzwa hospitalini bila kungoja. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati huweza kuchelewa bila kuwa na ugonjwa, lakini hilo ni jambo la daktari kuamua. Uthibitisho hupatikana kwa kuchukua kipande kidogo cha ukuta wa puru na kukitazama kwa hadubini ili kuona kama ganglia zipo.

Katika Afrika Mashariki watoto wengi hawafiki hospitalini wakati huo. Mama huruhusiwa kurudi nyumbani siku moja baada ya kujifungua, mara nyingi kabla hajajua kama mtoto amepata choo, na miezi inayofuata mtoto huishi kwa kufunga choo siku nyingi, kisha kupata kidogo, kisha kufunga tena. Tumbo hukua huku mikono na miguu ikikonda. Nyumbani husemwa kwamba ana chango, hupewa dawa za mitishamba au kubandikwa sabuni njia ya haja kubwa, na hata katika zahanati anaweza kutibiwa minyoo au utapiamlo. Matokeo yake ni kwamba hospitali za rufaa, Muhimbili ya Dar es Salaam ikiwamo, hupokea watoto waliokwisha kufikisha miaka kadhaa, ambao utumbo wao umetanuka kiasi kwamba upasuaji hauwezi kufanyika kwa hatua moja. Huwekewa kwanza kolostomi, yaani utumbo hutolewa kwenye ukuta wa tumbo ili haja ipite hapo, na mfuko au kitambaa kikaikinga; upasuaji wenyewe hufuata baada ya miezi. Mama anayemlea mtoto mwenye kolostomi katika nyumba isiyo na maji ya bomba hubeba mzigo ambao ungepungua sana endapo ugonjwa ungetambuliwa wiki ya kwanza. Hatari kubwa kuliko zote ni uvimbe mkali wa utumbo, ambao huleta homa, tumbo kujaa na kuharisha ghafla kwa harufu kali, na unaweza kumuua mtoto kwa muda mfupi. Wazazi wanapaswa kujua kwamba unaweza kutokea hata baada ya upasuaji uliofanikiwa.

Kuna watu ambao seli zao zilifika salama, zikafanya kazi miaka mingi, kisha zikafa. Katika ugonjwa wa akalesia, neva za kulegeza zilizo mwishoni mwa umio, yaani mrija unaotoka kooni kwenda tumboni, hupotea, na mlango wa tumbo hukataa kufunguka. Mgonjwa hukwamwa na chakula kigumu na cha maji vilevile, hurudisha chakula ambacho hakijasagwa, hukohoa usiku na hukonda. Mwingereza Thomas Willis aliueleza mwaka 1674, akimtibu mgonjwa wake kwa kijiti cha mfupa wa nyangumi kilichofungwa sifongo nchani, ambacho mgonjwa alikitumia kujisukumia chakula. Mjerumani Ernst Heller alianza mwaka 1913 kuikata misuli ya mlango huo, na Haruhiro Inoue wa Japani akaonyesha mwaka 2008 kwamba inaweza kukatwa kwa kifaa kinachopitishwa mdomoni. Hakuna matibabu yanayorudisha neva zilizokufa, na yote hulenga kuufungua mlango usiojua tena kulegea. Katika Amerika ya Kusini hali inayofanana nayo huletwa na kimelea kilichogunduliwa na Carlos Chagas wa Brazili mwaka 1909, ambacho huziharibu neva za umio na za utumbo mpana.

Ugonjwa wa kisukari usiodhibitiwa kwa miaka mingi nao huharibu neva na seli za Cajal, na tumbo likashindwa kujimwaga. Mgonjwa hushiba kwa matonge machache, hupata kichefuchefu, hutapika chakula alichokula saa nyingi zilizopita, na sukari yake hupanda na kushuka bila mpangilio kwa sababu chakula hakifiki utumboni kwa wakati uliotarajiwa na dawa. Inashangaza kwamba moja ya dawa zinazolisaidia tumbo hilo ni erithromaisini, antibayotiki ya kawaida, ambayo kwa bahati tu huiga homoni inayoanzisha wimbi la kufagia.

Dawa nyingine huuzuia mwendo. Mofini hukamata vipokezi vilevile katika neva za utumbo inavyovikamata kwenye ubongo, ndiyo maana shirika la Hospice Africa Uganda, lililoanzishwa mwaka 1993 na Anne Merriman na ambalo limewafikishia wagonjwa wengi wa saratani mofini ya maji, hufundisha kwamba dawa hiyo iambatane na dawa ya kulainisha choo. Loperamaidi, inayonunuliwa madukani kuzuia kuharisha, hutumia vipokezi hivyohivyo, na mtoto mdogo hapaswi kupewa, kwa kuwa utumbo uliosimamishwa huku sumu ya maambukizi ikiwa ndani ni hatari kuliko kuharisha kwenyewe. Mtoto aliyeharisha sana hupoteza pia madini ya potasiamu, ambayo misuli haiwezi kufanya kazi bila hayo, na tumbo linaloanza kujaa na kunyamaza baada ya siku za kuharisha ni sababu ya kumrudisha hospitalini. Baada ya upasuaji wa tumbo, vilevile, utumbo husinzia kwa siku kadhaa, na muuguzi anayemuuliza mgonjwa kama ametoa hewa anatafuta habari muhimu kuliko nyingi zilizoandikwa kwenye faili.

Kuhusu chakula, ushahidi unaonukuliwa sana ulitoka Uganda. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, alichapisha na wenzake mwaka 1972 vipimo vilivyoonyesha kwamba wanakijiji wa Uganda walitoa choo cha zaidi ya gramu 400 kwa siku na chakula kilipita mwilini mwao kwa takriban saa 36, ilhali Waingereza waliopimwa walitoa kama gramu 100 na kuchukua zaidi ya saa 80. Baadhi ya mahitimisho mapana aliyoyatoa bado yanabishaniwa, lakini sababu ya tofauti hiyo inaeleweka: nyuzinyuzi hushika maji, huongeza ujazo, na ujazo huutanua ukuta, nao mtanuko ndio ule ambao Bayliss na Starling waliuonyesha kuwa chanzo cha wimbi. Mijini sasa dona imeiachia nafasi sembe na mkate mweupe, na kufunga choo kumekuwa malalamiko ya kila siku. Mtu mzima mwenye tatizo hilo aanze na maharage, mboga za majani, matunda, nafaka isiyokobolewa na maji ya kutosha, lakini choo kikibadilika ghafla baada ya umri wa miaka 45, kikiwa na damu, au uzito ukipungua, asijitibu kwa vidonge vya kuharisha bali amwone daktari.

Ili watoto wenye ugonjwa wa Hirschsprung wasichelewe kutambuliwa, wakunga na wauguzi wa wodi za wazazi wanaombwa jambo moja lisilogharimu fedha: kumwuliza kila mama, kabla hajaruhusiwa, kama mtoto amepata choo cha kwanza, kuandika saa yake kwenye kadi ya mtoto, na kumwambia yule ambaye mtoto wake hajapata kwamba arudi siku inayofuata asipokiona.